Boti ya mpira: nimejaza bar 0.25 Jinja, nimefika Butiaba ina 0.15. Upepo umeenda wapi?

#1 Kasia_Moja (Jinja)

Wakuu, salamu.

Nina boti ya mpira ya PVC, mita 4.2, tyubu zake zina chemba tatu, sakafu ni ya upepo. Kibao kilichobandikwa karibu na injini kinasema tyubu bar 0.25 (bar ni kipimo cha presha), sakafu bar 0.8. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niliijazia uani kwangu Jinja kwa pampu ya umeme ya volti 12 mpaka geji (kipima presha) ya pampu ikasoma 0.25 chemba zote. Tukaipandisha juu ya lori ikiwa imejaa hivyo hivyo, kwa sababu nilitaka tukifika tushushe majini moja kwa moja.

Tumefika Butiaba, kando ya Ziwa Albert, saa tisa alasiri. Saa kumi boti imeshakaa majini nusu saa, nikabonyeza tyubu kwa kidole gumba, kikazama. Nikaweka geji ya mkono: 0.15. Chemba zote tatu sawasawa. Asubuhi yake saa moja nikapima tena: 0.13.

Hakuna kiraka, hakuna sauti ya kuvuja. Naombeni maelezo kabla sijaingiza watu sita humo.

#2 FundiPancha_Msd (Masindi)

Inavuja. Upepo hauna miguu, ukipotea umetoka mahali. Chukua maji ya sabuni, paka kwenye valvu zote na mishono, utaona mapovu.

#3 Nahodha_wa_Mto (Jinja)

Jirani, karibu. Mimi naongoza wageni kwenye maporomoko mwaka wa tisa sasa. Rafti zetu, boti za mpira za makasia, tunajaza psi 2 hadi 2.5 tu (psi ni kipimo kingine cha presha), na zinapita kwenye maji yanayoweza kukunja mtu. 0.15 kwa bar ni kama psi 2.2. Kwa hiyo kwa macho yangu boti yako wala haikuwa na njaa. Unajaza nyingi mno kwa nini?

#4 Kasia_Moja

Nahodha, kibao ndicho kinachosema 0.25, yaani psi 3.6. Sijajitungia.

#5 Nahodha_wa_Mto

Sawa, basi fuata kibao, nimekuelewa. Ila wasomaji wengine wasichanganye. Nimewahi kumwona mtu ameandikiwa 0.25 bar, akatafuta 25 kwenye geji ya matairi, akaona boti inaumuka kama andazi. Tulimzuia akiwa njiani bado.

#6 Mwalimu_Fizikia (Hoima)

Suala la mleta mada ni zuri kuliko linavyoonekana. Kabla ya sabuni tuangalie ramani. Jinja iko kwenye mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo cha Ziwa Victoria. Ziwa Albert liko kwenye mita 619. Umeteremka karibu nusu kilomita, na yeyote aliyepita mteremko ule wa Biiso anaujua kwa masikio yake.

Geji haipimi upepo wote ulio ndani ya tyubu. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Jinja hewa ya nje inakandamiza kwa bar 0.88 hivi, Butiaba 0.94. Ndani ya boti kulikuwa na 0.88 + 0.25 = 1.13. Ukifika Butiaba na upepo ule ule: 1.13 kutoa 0.94 ni 0.19. Hujapoteza hata pumzi moja, na geji imeshuka.

#7 FundiPancha_Msd

Mwalimu, 0.19 si 0.15.

#8 Kabale_Baridi (Kabale)

Namuunga mkono Mwalimu kwa upande wa pili. Nilibeba kayaki ya mpira kutoka Kampala mpaka Bunyonyi juu ya paa la gari, imejaa. Ziwa letu liko mita 1,962. Kufika Kabale mjini ilikuwa ngumu kiasi kwamba kamba za kufungia zilikuwa zimezama kwenye mpira zikaacha alama. Nikabonyeza pini ya valvu sekunde mbili, ikapiga kelele *fssss*, kamba zikalegea. Tangu siku hiyo naisafirisha ikiwa nusu, namalizia kujaza ufukweni.

#9 BinMwanza (Mwanza, Tanzania)

Wakuu, swali la mgeni. Kama ndivyo, sisi wa nyanda za juu tupunguze kipimo? Maana kibao kimeandikwa na watu wa pwani, na huku hewa ni nyepesi.

#10 Mwalimu_Fizikia

Hapana, na hapa watu wengi wanateleza. Geji inapima tofauti, na mpira unavutwa na tofauti hiyo hiyo. 0.25 ni 0.25 Mombasa, Mwanza, Butiaba na Bunyonyi. Usipunguze wala usiongeze. Cha kuepuka ni kujaza mahali pamoja na kutumia mahali pengine bila kupima upya.

#11 Mama_Muziri (Wanseko)

Nyinyi mnahesabu vimo, mimi nitawaambia habari ya jua. Mwaka juzi tulikuwa na boti ya mpira ya kuvushia wageni hapa Wanseko. Ya kijivu iliyokolea. Asubuhi kijana ameijaza vizuri, imepimwa. Abiria wakachelewa, boti ikabaki mchangani kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nilikuwa nimekaa chini ya mwembe, nikasikia kama mtu anachana kitambaa cha turubai, taratibu, halafu *pwaa*. Mshono wa upande wa kushoto umeachia urefu wa mkono. Nilipoweka kiganja juu ya tyubu nikakiondoa haraka, ilikuwa ya moto kama sufuria.

Kwa hiyo Kasia Moja, mimi nakuomba usikimbilie kuongeza upepo. Boti inayolegea majini itakusumbua. Inayopasuka imekuacha.

#12 Kasia_Moja

Pole sana mama. Boti yangu nayo ni ya rangi nyeusi ubavuni. Nimeandika.

#13 Mwalimu_Fizikia

Mama ameleta jambo ambalo linaniharibia hesabu yangu ya #6, na lazima niliseme. Kwa boti ya 0.25 katika vimo vyetu, kila digrii moja ya joto ni karibu bar 0.004. Asubuhi Jinja chukua digrii 18. Tyubu ya boti ya mama kwenye jua inaweza kufika 50. Hapo 0.25 imekuwa zaidi ya 0.37, mara moja na nusu, na hakuna aliyegusa pampu.

Sasa rudi kwa mleta mada. Maji ya ziwa chukua digrii 27. Kutoka 18 hadi 27 ni digrii tisa, yaani ameongezewa kama 0.035. Kimo kimemtoa 0.06, joto limemrudishia 0.035. Geji yake ilitakiwa kusoma 0.22 na kitu. Amesoma 0.15. Fundi ana haki: kuna kama 0.07 ambayo mteremko hauielezi.

#14 FundiPancha_Msd

Asante Mwalimu. Sabuni.

#15 Nahodha_wa_Mto

Subirini kwanza. Chemba zote tatu zimeshuka *sawasawa*. Matundu matatu yanayovuja kwa kasi moja? Miaka yote mtoni sijaona. Chemba ikitoboka, ni hiyo moja inayolala, na jirani yake inaonyesha kiwambo cha ndani, ukuta wa mpira kati ya chemba, kikijipinda kuelekea upande uliolegea.

Na tazameni usiku: saa kumi jioni 0.15, asubuhi 0.13. Kama ilivuja 0.07 toka asubuhi hadi alasiri, usiku ilitakiwa iendelee vile vile. Imepungua 0.02 tu.

#16 Mwalimu_Fizikia

Na hiyo 0.02 ni baridi ya alfajiri, digrii tano tu zinatosha. Usiku boti haikuvuja kitu. Safi sana Nahodha.

#17 FundiPancha_Msd

Valvu inaweza kuvuja ikitikiswa barabarani na kufunga ikitulia. Chembe moja ya mchanga inatosha kuishikilia kidogo, halafu inajibana. Nimefungua valvu nyingi za namna hiyo. Mnaniona kichwa ngumu, ila mimi nakaa na vitu hivi mkononi.

#18 Dada_Pampu (Entebbe)

Hakuna aliyeuliza alipima na nini. Jinja alisoma *geji ya pampu*, Butiaba *geji ya mkono*. Hizo ni geji mbili, sehemu mbili.

Pampu ikiwa inasukuma, geji iliyo juu yake inasoma presha ya bomba la pampu, na humo ndani presha iko juu kuliko ndani ya boti, vinginevyo upepo usingeingia. Valvu nayo ina chemchemi, inabana. Ukiona 0.25 wakati mota inanguruma, boti inaweza kuwa na 0.20, hata chini ya hapo. Zima pampu, ngoja, halafu pima kwa geji inayobonyeza pini ya valvu ifunguke. Hapo ndipo unasoma boti.

Mimi nauza na kutengeneza pampu hizi. Wateja wengi wanaokuja na "boti inavuja" wanarudi nyumbani na geji mpya.

#19 Kasia_Moja

Dada, ni kweli, pampu ilijizima yenyewe ilipofika 0.25. Sikupima tena kwa geji ya mkono kabla ya kuondoka. Ilikuwa bado giza, dereva anapiga honi.

#20 BinMwanza

Na hewa ya pampu ya umeme inatoka ya moto! Shika bomba lake baada ya dakika kumi, utasikia. Hewa hiyo ikipoa ndani ya tyubu presha inashuka. Huyu alijaza hewa ya moto alfajiri ya baridi. Labda nusu saa baadaye, hata kabla ya kufika Mabira, ilikuwa imeshalegea.

#21 Dada_Pampu

Kaka wa Mwanza umenena. Ndiyo maana nawaambia watu: jaza, kunywa chai, rudi malizia kwa pampu ya mkono. Ile ya mkono inakupa hisia, na mipigo ya mwisho ndiyo inayohesabika.

#22 Afande_Mstaafu (Butiaba)

Vijana, nimesoma yote. Nilihudumu ziwani humu. Mnabishana 0.15 au 0.22, nami nataka kuuliza boti inakwenda wapi. Albert haifanani na mto wa Nahodha. Upepo wa alasiri ukivuma, mawimbi yanakuja mafupi na yamesimama wima. Meli ya chuma Robert Coryndon ilizama katika ziwa hili miaka ya 1960, seuze mpira.

Boti iliyolegea kwenye mawimbi mafupi inajikunja katikati. Nimeona kwa macho: omo (mbele) inapanda wimbi moja, shetri (nyuma) liko kwenye lingine, tumbo linabonyea, sakafu inatengeneza bonde na maji yanakusanyika hapo hapo walipo abiria. Ubao wa injini unaanza kucheza kama mlango usio na bawaba. Injini ni ya farasi wangapi?

#23 Kasia_Moja

Shikamoo afande. Farasi 15. Nawapeleka watu kuangalia ndege kando ya ufukwe, hatuendi ng'ambo.

#24 Afande_Mstaafu

Marahaba. Kando ya ufukwe ni sawa, asubuhi. Ikipita saa tano uwe nchi kavu. Na jaketi za kuokolea ziwe za watu sita, zivaliwe, zisikaliwe kama mito.

#25 Nahodha_wa_Mto

Afande ameeleza kwa nini sisi tunajaza kidogo na yeye anataka nyingi. Rafti haina injini. Tyubu zake ni nene, karibu nusu mita kwa upana, na tunataka ilegee kidogo ishike maji na kupinda juu ya wimbi. Boti ya injini inataka kuwa gogo.

Na kitu kingine: mvuto kwenye mpira unakua kwa presha na kwa unene wa tyubu pamoja. Tyubu nene kwa presha ile ile inavutwa zaidi kuliko nyembamba. Kwa hiyo usichukue namba ya boti ya jirani. Kipimo cha kayaki nyembamba ya Kabale si cha rafti yangu.

#26 Kabale_Baridi

Mimi napima kwa kofi. Ikilia kama ngoma, imejaa.

#27 Dada_Pampu

Ngoma gani, mkuu? Zipo nyingi Uganda. 😄 Kofi linakuambia tyubu mbili za boti moja zimelingana au la, na hapo ni zuri sana. Halikuambii 0.20 au 0.25.

#28 Kabale_Baridi

Nimekubali, dada. Ila sikio langu halihitaji betri.

#29 Mama_Muziri

Mimi nauliza kuhusu sakafu. Hiyo 0.8 ya sakafu na 0.25 ya tyubu, kwa nini sakafu nyembamba ndiyo inapewa nyingi? Kijana wetu aliwahi kutaka kujaza tyubu 0.8 "ili zilingane".

#30 Mwalimu_Fizikia

Mama, mshukuru Mungu mlimzuia. Sakafu hiyo ndani ina maelfu ya nyuzi zilizoshonwa kutoka tabaka la juu kwenda la chini. Nyuzi ndizo zinazobeba, ndiyo maana inabaki bapa kama ubao na inavumilia presha kubwa. Tyubu haina nyuzi, inabeba kwa ngozi na mishono yake tu. 0.8 kwenye tyubu ni kuipasua.

#31 FundiPancha_Msd

Na nani amewaambia mjaze sakafu lini? Mimi natandika sakafu, najaza tyubu zote nusu, kisha sakafu mpaka mwisho, ndipo namalizia tyubu. Ukijaza tyubu kamili kwanza, sakafu haikai kwenye nafasi yake, inabanwa pembeni.

#32 Nahodha_wa_Mto

Sisi tunaanza na tyubu, sakafu mwisho kabisa, na haijawahi kutukataa.

#33 FundiPancha_Msd

Sakafu ya rafti yako imeunganishwa na mwili. Ya mleta mada inatoka na kuingia. Vitu viwili tofauti.

#34 Dada_Pampu

Soma kitabu cha boti yako, kila mtengenezaji ana mpango wake. Ninachokisimamia mimi ni kimoja: usijaze chemba moja mpaka mwisho huku ya jirani iko tupu. Kiwambo kati yao ni kipande cha mpira tu, kinasukumwa upande mmoja kwa nguvu yote. Zungusha: kila chemba kidogo, rudi mwanzo, kila chemba kidogo tena. Kiwambo kikiachia, boti inaonekana nzima kwa nje, lakini siku ukitoboka unazama na chemba mbili badala ya moja.

#35 BinMwanza

Nimepata jibu la swali ambalo sikuwa nimeuliza. Shukrani. Na kompresa ya fundi wa matairi, hiyo nayo vipi? Huku kwetu ndiyo iliyo karibu.

#36 Mama_Muziri

Usithubutu.

#37 FundiPancha_Msd

Naendesha kompresa hiyo kila siku, na namuunga mkono mama. Tangi langu lina psi mia na ushee. Boti inataka tatu na nusu. Geji yangu, alama ya kwanza iko kwenye kumi. Kosa la sekunde mbili na huwezi kulirudisha. Na gundi ya pancha ya baiskeli haishiki PVC, msije kwangu kuniomba. Inataka gundi ya PVC yenyewe, ile inayochanganywa na kiimarishaji.

#38 Kasia_Moja

Wakuu, nimerudi na majibu ya nyumbani. Jana nimefanya hivi, nikiwa Jinja, boti ndani ya stoo, pasipo jua.

Nimejaza kwa pampu ya umeme mpaka ikajizima kwenye 0.25. Nimechomoa, nimeweka geji ya mkono hapo hapo: 0.21. Nimekaa nusu saa: 0.20. Nimemalizia kwa pampu ya mkono mpaka 0.25. Leo asubuhi, joto la stoo likiwa lile lile: 0.25, 0.25, na chemba ya mbele 0.24.

Halafu nikapaka sabuni kama Fundi alivyosema. Valvu mbili kimya. Ya chemba ya mbele, povu moja dogo kama kichwa cha kiberiti lilitoka, likakua polepole, nikahesabu mpaka sitini ndipo likapasuka. Nikafungua, nikakuta punje moja ya mchanga kwenye ukingo wa raba.

#39 FundiPancha_Msd

Nilisema mimi. Mchanga.

#40 Dada_Pampu

Fundi, 0.01 usiku mzima, chemba moja! Geji ya pampu peke yake imemdanganya 0.04, na kupoa kwa hewa 0.01. Hapo 0.05 kati ya 0.07 zimeshapatikana.

#41 FundiPancha_Msd

Stoo haina mashimo ya barabara. Mweke kwenye lori kwa muda wa saa tisa nzima, kisha tuhesabu povu tena.

#42 Mwalimu_Fizikia

Bado 0.02 zinanisumbua. PVC inatanuka kidogo ikivutwa muda mrefu, hasa boti ikiwa mpya na siku ya joto. Nafasi ya ndani inaongezeka na presha inashuka bila kuvuja. Kasia Moja, boti ina umri gani?

#43 Kasia_Moja

Miezi miwili. Hiyo ilikuwa safari yake ya pili.

#44 Nahodha_wa_Mto

Mpya basi. Rafti zetu mpya nazo tunaziongezea upepo kila asubuhi wiki ya kwanza, halafu zinatulia.

#45 FundiPancha_Msd

Au valvu zake bado hazijakaza vizuri kwenye uzi wake. Ziangalie na ufunguo wake, robo duru tu.

#46 Afande_Mstaafu

Mtakapomaliza, mwambieni kijana afanye nini Jumamosi.

#47 Dada_Pampu

Aisafirishe imekunjwa au imejaa nusu. Ajazie ufukweni Butiaba, kivulini, mpaka 0.20 hivi. Aishushe majini, ikae robo saa ichukue joto la ziwa, kisha amalizie 0.25 kwa geji ya mkono. Wakila chakula nchi kavu mchana, boti ibaki majini, au aipunguzie upepo kabla ya kuivuta mchangani.

#48 Mama_Muziri

Na aifunike kwa shuka jeupe lililolowa. Sisi sasa tunafanya hivyo.

#49 Kasia_Moja

Nimechukua yote. Punje ya mchanga nimeihifadhi kwenye kikaratasi kwa ajili ya Fundi, nitapita Masindi Ijumaa jioni. Uniangalizie na hizo valvu.

#50 FundiPancha_Msd

Karibu. Niko mkabala na stendi, uliza fundi wa baiskeli. Uje na geji zote mbili, tuziweke kwenye valvu moja tuone ipi inasema kweli.